Magari ya Simba Hayasimami Kisesa

Barabara ya Mwanza kwenda Musoma ina wasafiri wa aina mbili. Kuna sisi wa daladala za Igoma na Kisesa, wa mabasi ya Musoma na Sirari, wa malori ya pamba na magunia ya mpunga. Halafu kuna wale walio ndani ya magari ya paa la kuinuka, kamera mapajani, macho mbele. Wanatoka hotelini Capri Point alfajiri, wanapita Buzuruga, Nyakato na Igoma, wanaivuka Kisesa bila kupunguza mwendo ila kwenye matuta, kisha Nyanguge, Magu na Lamadi, mpaka lango la Ndabaka ambako Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inaanza. Ni safari ya kilomita 140 hivi kutoka mjini, na njia nzima lenzi ina kifuniko chake.

Sina ugomvi nao. Mtu aliyelipa nauli ya ndege kutoka Frankfurt au Mumbai ana haki ya kumdai simba wake, na saa zake zinahesabiwa. Ninaowashangaa ni wenzangu. Siku hizi Mwanza imejaa wapiga picha wa ridhaa: muuguzi mwenye kamera ya mtumba, mwalimu mstaafu mwenye simu nzuri aliyotumiwa na mwanawe, mwanafunzi wa chuo anayezunguka na stendi ya miguu mitatu mgongoni. Jumamosi na Jumapili ndiyo siku zao. Wanapiga Jiwe la Bismarck likiwa na machweo nyuma yake, wanapiga Daraja la Magufuli pale Kigongo na Busisi, kisha wanaweka akiba. Akiba ya nini? Ya kwenda Serengeti. Na wao wanapita Kisesa lenzi ikiwa na kifuniko.

Penye miti hapana wajenzi. Kilomita 20 hivi kutoka katikati ya jiji, pembeni ya barabara hiyohiyo, kuna mawe, kuna ndege, kuna ngoma, kuna ziwa jirani na kuna kilima cha Bujora. Na mkazi ana kitu ambacho mtalii hawezi kukinunua kwa dola yoyote: anaweza kurudi kesho. Katika upigaji picha wa viumbe na mandhari, kurudi kesho ni nusu ya kazi. Mimi ningesema ni zaidi ya nusu, lakini wauza lenzi wasije wakanichukia.

Mjusi wa jiwe la tatu

Tuanze na kiumbe ambaye hakuna anayemwekea akiba. Panda Bujora saa mbili na nusu asubuhi, jua likishaanza kuyapasha mawe. Juu ya jiwe lililojitokeza kuliko mengine utamkuta dume la mjusi wa mawe: kichwa, shingo na mabega ni vyekundu vinavyoelekea zambarau, na kuanzia hapo mwili wote ni buluu iliyokolea. Majike walio chini yake ni wa kahawia, wamefanana na jiwe lenyewe. Mtaalamu Arthur Loveridge alimwandika mjusi huyu mwaka 1923, na jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu. Mtandaoni dunia nzima wanamwita mjusi wa Spider-Man, na picha zake huzunguka kila mwaka kana kwamba ameonekana jana. Watoto wa hapa wanamrushia mawe.

Kumpiga picha kuna adabu zake. Asubuhi kukiwa na ubaridi rangi zake huwa zimefifia. Hukolea kadiri mwili unavyopata joto, kwa hiyo aliyewahi sana na aliyechelewa wote wamekosa. Ukimfuata umesimama wima anazama kwenye ufa. Nenda umechuchumaa, kwa mshazari, kama mtu aliyedondosha sarafu, na chunga kivuli chako kisimguse, kwa sababu kwake kivuli kinachopita ni mwewe. Ukitulia, baada ya muda atakuzoea, na ataanza kuinua na kushusha kichwa na kifua, ishara ya kuwaambia madume wengine kwamba jiwe hili lina mwenyewe. Hapo ndipo pa kubonyeza. Usimvute kwa vidole kwenye kioo cha simu, maana unachokipata ni uji wa rangi, sogea wewe. Lala kifudifudi ili lenzi iwe usawa wa jicho lake. Suruali itachafuka.

Dume huyu ana eneo lake na halihami ovyo. Jiwe alilokaa leo, keshokutwa utamkuta palepale. Mtalii mwenye bahati atampata mara moja, dakika chache kabla dereva hajapiga honi. Wewe unaweza kumjua: saa anayotoka, jike anayemvumilia na yule anayemfukuza, dume kijana anayenyemelea jiwe la tatu upande wa kusini, siku wanapokamatana. Huo ni mfululizo wa picha ambao jarida lolote la viumbe duniani lingeutazama mara mbili, na gharama yake ni nauli ya daladala.

Mawe yenyewe yanastahili neno. Matale haya ya Usukumani yana umri wa takriban miaka bilioni mbili na nusu. Yalipoa chini ardhini, yakapasuka kwa mistari ya kukatana, maji yakaingia kwenye mipasuko na kuila miamba taratibu kutoka kwenye kona, kisha mvua za zama zisizohesabika zikaubeba udongo na kuyaacha yamebebana hivyo, moja juu ya jingine, hata mtu anajiuliza nani aliyapanga. Wanaopiga Jiwe la Bismarck huliweka katikati ya fremu na ziwa nyuma. Jaribu mawe ya Kisesa jua likiwa ubavuni. Kila ufa hutoa kivuli, na ndipo uzito wa jiwe unapoonekana kwenye picha.

Saa ya Mwanza si saa ya Dar es Salaam

Mengi ya mafunzo ya picha tunayoyaona mtandaoni yametengenezwa na watu wa kaskazini ya mbali, ambako jua la jioni hukaa pembeni saa nzima na zaidi. Sisi tuko karibu nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta. Jua letu halitelezi, linadondoka. Mwanga ule laini wa dhahabu ukikukuta bado unatafuta mahali pa kusimama, umekwisha. Ndiyo maana anayepajua mahali humshinda mwenye kamera ya bei.

Kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka Pwani hawaligundui mpaka wamechelewa. Saa za Tanzania nzima ni moja, lakini jua si moja. Linafika Mwanza dakika 25 hivi baada ya kufika Dar es Salaam. Utosini kwetu linakuja karibu saa 6:45 mchana, si saa sita kamili. Na macheo yetu hutokea kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi kutegemea mwezi. Kwa hiyo anayeamka kwa saa za Dar atakaa gizani akipigwa na umande, ila jioni atazawadiwa dakika hizohizo. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita juu kabisa ya kichwa. Adhuhuri ya siku hizo kila mtu amesimama juu ya kivuli chake, na nyuso zote zina mashimo meusi badala ya macho. Lala usingizi, au ingia chini ya mwembe upige watu kwenye kivuli.

Misimu nayo ina lake. Kuanzia Juni kiangazi kinajaza hewa vumbi na moshi wa mabua, machweo yanakuwa mekundu lakini Ghuba ya Speke haionekani. Mvua za vuli zikianza, hewa inaoshwa. Nusu saa baada ya mvua kubwa ya alasiri, ukiwa juu ya mawe, unaona mashamba ya mpunga yakimetameta na visiwa vilivyokuwa vimepotea tangu Julai. Wengi wakati huo wako ndani wanasubiri tope likauke.

Kamera ilivyoshindwa kufika ziwani

John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka kilima cha Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, na hakuwa na kamera. Aliporudi kwa safari ya pili mwaka 1860 akiwa na James Augustus Grant, walikuwa nayo. Grant alipiga picha Unguja. Lakini enzi hizo mpiga picha alilazimika kuandaa na kusafisha sahani za kioo papo hapo, ndani ya kihema cheusi kilichozibwa mwanga, na joto la humo lilikuwa la kuua mtu. Speke aliamua kifaa kirudishwe Unguja, na Grant akashika penseli na rangi za maji. Ndiyo maana simulizi maarufu kuliko zote za ziwa hili zimetufikia kwa michoro.

Aliyefuata kuvunja mwiko alikuwa Mjerumani Carl Georg Schillings, mwindaji ambaye picha haikuwa kazi yake. Mwaka 1903 na 1904, katika nyika za kaskazini ya nchi hii kuzunguka Kilimanjaro na Umasaini, alitega kamera zake usiku penye maji na penye nyama ya chambo, akaunganisha na unga wa magnesi unaolipuka kwa mwanga, na simba na fisi wakajipiga picha wenyewe. Zilikuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa za wanyamapori usiku, na ziliushangaza ulimwengu. Msafara wake ulijaa wapagazi waliobeba sahani za kioo vichwani. Majina yao hayakuandikwa chini ya picha.

Miaka ishirini baadaye, katika misitu ya kaskazini mwa India, afisa misitu F. W. Champion alifanya kazi ya namna hiyo kwa chui milia: uzi unavutwa na mguu wa mnyama, taa inawaka, kamera inafyatuka. Kitabu chake cha 1927 kiliwafundisha wengi kwamba chui milia anaweza kurudishwa nyumbani bila risasi. Lakini Mhindi ninayempenda zaidi katika habari hizi ni M. Krishnan wa Madras, aliyezaliwa 1912 na kufariki 1996. Yeye alijiunganishia kamera kwa vipande vya kamera tofauti, dubwana zito alilolibatiza Super Ponderosa, akapiga kwa rangi nyeusi na nyeupe maisha yake yote. Kwa miaka 46 aliandika safu katika gazeti la The Statesman, na tembo hawakuijaza safu hiyo. Waliijaza kunguru, kuchakulo, mbuzi, ndege wa uani, mijusi. Mtu huyu angepelekwa Kisesa, sidhani kama angefika Ndabaka.

Na hapa kwetu, aliyeanza kama mtoto tu mwenye kamera ya sanduku ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alianzisha Camerapix mwaka 1963 jijini Dar es Salaam akiwa kijana wa miaka ishirini, na picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Alikufa Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Komoro. Watu humkumbuka kwa vita na njaa, lakini pia alitengeneza vitabu vikubwa vya mandhari ya Afrika Mashariki, kimojawapo cha Tanzania. Ridhaa huwa ni mlango; wengine huishia hapo, wengine huingia ndani.

Ngoma inayohesabu wapiga picha

Kilima cha Bujora kina Makumbusho ya Wasukuma, kazi iliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, pamoja na wazee wa hapo. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, linalohifadhi ngoma za kitemi. Kuna kanisa la mviringo lililopambwa kwa michoro ya Kisukuma. Kwa mpenda picha, majengo haya ni mtihani mzuri wa mistari na duara, hasa asubuhi watalii wachache wakiwa bado hawajafika. Uliza mapokezi kabla ya kuanza kubonyeza. Kuna vitu vya ndani ambavyo havipigwi ovyo, na sababu yake si urasimu.

Ila Bujora yenyewe ni Juni, wakati wa Bulabo. Sherehe hizi hufuata Sikukuu ya Ekaristi, na kwa siku kadhaa vikundi vya ngoma kutoka pande zote za Usukuma hushindana. Upande mmoja Bagika, upande wa pili Bagalu, mahasimu wa tangu karne ya 19, wakati manju wawili, Ngika na Gumha, walipogombania nani mwenye dawa kali na ngoma kali. Kanuni ya mashindano inafurahisha: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana kila kikundi kina kioja chake. Huku wanarusha majembe ya bugobogobo hewani na kuyadaka kwa mdundo mmoja. Kule Bayeye wanamtoa chatu kwenye sanduku, na nusu ya uwanja inahama kwa mbio, wengine kumsogelea, wengine kumkimbia.

Sasa angalia msimamo wa mpiga picha. Ukisimama upande mmoja na kamera yako, umepiga kura. Ukiwa na kamera kubwa umepiga kura mbili, kwa sababu watu huamini penye kamera pana jambo, nao wanakuja. Manju mjanja anajua hilo. Utaona amekugeuzia uso, anakuchezea wewe. Picha atakayokupa hapo ni nzuri, ya kupozi, na kila mtu anayo. Mimi hupenda kuwapa mgongo wachezaji na kuwapiga watazamaji: bibi aliyeziba mdomo kwa kanga, mtoto begani kwa baba yake, kijana wa Bagalu anayejifanya hajali chatu wa wenzake huku shingo imemwelekea. Pale mashindano yanaonekana.

Vumbi ni adui na rafiki. Jua likiwa nyuma ya wachezaji, vumbi linawaka na kila jembe lina mwali; jua likiwa nyuma yako, ni ukungu wa kahawia tu. Usibadilishe lenzi uwanjani. Na ngozi zetu zinahitaji hesabu yake: kamera ikiona anga kubwa jeupe hupunguza mwanga, na watu wote wanageuka vivuli. Gusa uso kwenye kioo, ongeza mwanga kidogo, acha anga liungue. Tatizo hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, na mikanda ya filamu ilitengenezwa kwa kumpendezesha yeye. Marekebisho ya miaka ya 1970 yalisukumwa kwa sehemu na malalamiko ya watengeneza samani na chokoleti, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia zilitoka vibaya. Ngozi ya mtu ilinufaika kwa mgongo wa kabati la mninga. Haishangazi kwamba simu kama Tecno zilijipatia soko barani humu kwa kutangaza kamera inayoijali ngozi nyeusi.

Usiku wa giza, mchana wa mdiria

Kutoka Kisesa ziwa haliko mbali, na mwaloni wowote wa upande wa Igombe au Kayenze unatosha. Anayeanza picha za ndege asihangaike na furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, ambaye kila mtu anamtaka akiwa na samaki kuchani. Aanze na mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe. Ndege huyu ana hisani ya pekee: hupiga mabawa akiwa amesimama hewani mahali pamoja, anatazama chini, anachagua, ndipo anajitupa majini. Sekunde zile za kusimama ni zawadi. Weka kasi ya sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, umsubiri karibu na kijiti anachokirudia, kwa maana na yeye ana kijiti chake kama mjusi alivyo na jiwe. Wale korongo wakubwa wenye upara wanaozunguka penye matumbo ya samaki hawakimbii mtu, na hakuna anayewapiga kwa sababu ni wabaya wa sura. Uso kama ule mchana kweupe ni mali.

Usiku, fuata kalenda ya wavuvi wa dagaa. Wanatoka mwezi usipokuwepo, kwa sababu taa ndiyo inayowakusanya dagaa, na mbalamwezi huiharibu kazi. Kwa hiyo usiku mzuri wao ndio usiku mzuri wa mpiga picha: giza zito, nyota, na msururu wa taa ziwani. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni za betri na sola, nyeupe kuliko zile za manjano; waliopiga karabai miaka kumi na mitano iliyopita wana kitu ambacho hakipatikani tena. Egemeza simu kwenye jiwe, weka modi ya usiku, usiiguse mpaka imalize. Wavuvi wakirejea alfajiri, acha kwanza washushe mzigo. Mtu aliyekesha majini hataki kuelekezwa asimame wapi.

Watu wa Mwanza wana sababu ya kuuliza kamera imetumwa na nani. Filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ilipigwa hapahapa: sangara, ndege za mizigo, watoto wa mitaani, mapanki. Ilifika kwenye orodha ya kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwa kuichafua nchi. Unaweza kubishana na filamu ile mpaka kesho, na wengi bado wanabishana. Nilichokiona mimi ni kwamba hatukuwa na cha kuweka mezani upande wa pili. Hakukuwa na hazina ya picha zetu wenyewe za ziwa, za miaka hiyo, zenye tarehe na mahali, ambazo mtu angezitandaza na kusema: hii nayo ni Mwanza.

Tarehe na mahali. Hapa ndipo wapiga picha wa ridhaa wanapoiangusha kazi yao. Faili linaitwa kwa namba, maelezo mtandaoni ni alama tatu za moto na neno “vibe”. Fikiria furu. Ziwa hili lilikuwa na zaidi ya aina 500 za samaki hao wadogo, na baada ya sangara kushamiri miaka ya 1980 aina nyingi zilitoweka. Watafiti Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa wakifanya kazi Ghuba ya Mwanza tangu 1977, wakawapiga picha wakiwa hai, kwa sababu furu akifa rangi zake humwacha na ndani ya chupa ya dawa hubaki samaki wa kijivu tu. Kwa baadhi ya aina, picha na maandishi vya wakati ule ndivyo vinavyosimulia walivyokuwa. Mjusi wako wa Bujora, ukimwandika tarehe na mahali na kumpandisha kwenye tovuti ya iNaturalist, anageuka ushahidi ambao mtaalamu yeyote anaweza kuutumia. Bando la siku moja linatosha.

Na picha ni mali, sheria inalijua hilo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazitaja picha za kamera miongoni mwa kazi zinazolindwa, kwa hiyo ukiyaona machweo yako kwenye kalenda ya duka la mtu, una pa kuanzia. Droni ni habari nyingine: inataka usajili na kibali, na si ya kurusha hifadhini wala karibu na uwanja wa ndege kwa kujaribu bahati. Maeneo ya jeshi na ya ulinzi, usiyaelekezee hata simu.

Picha yangu naipata lini?

Mandhari na mijusi haviombwi ruhusa, watu wanaombwa. Jambo hili, Kanda ya Ziwa, lina uzito wake. Hatujasahau mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi kuanzia 2007, na mgeni anayeelekeza lenzi kwa watoto wa kijiji bila kujitambulisha anaweza kujikuta amezungukwa, na mimi siwezi kuwalaumu waliomzunguka. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, useme jina lako na unakotoka. Msalimie mzee kabla ya kutoa kamera kwenye mfuko: “Mwangaluka” kama ni asubuhi na unaweza, “shikamoo” kama Kisukuma hakijakaa sawa mdomoni. Ndipo uombe.

Jibu mara nyingi huwa swali. “Marahaba mjukuu wangu. Sasa hiyo picha yangu naipata lini?” Wengi hujibu “nitaleta, babu”, na babu amekwisha kuisikia hiyo. Wageni wa lenzi ndefu wamekuwa wakiisema tangu yeye akiwa kijana, na wao angalau wana udhuru, wako Ulaya. Wewe uko Nyakato. Chagua picha moja nzuri, ipeleke studio isafishwe kwa saizi ya bahasha, siyo ile ya pasipoti, andika nyuma jina la mzee, kijiji na mwaka, na Jumamosi inayofuata panda daladala ya Kisesa. Chukua nakala mbili, maana moja itaondoka na shangazi siku hiyohiyo.